Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mipango miji Dar es Salaam: tuachieni mahali pa kukaa

Waheshimiwa,

Ninawaandikia ninyi mnaotoa vibali vya ujenzi, mnaochora ramani za mitaa na mnaosimamia barabara katika Jiji la Dar es Salaam na manispaa zake jirani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Mbagala, niliyezaliwa na kukulia Kariakoo. Sina kesi mahakamani, sina kiwanja kinachogombaniwa, wala sidai fidia. Nina goti moja bovu na hoja moja, na hoja hiyo ilinijia kwa sababu ya goti.

Jumanne moja ya likizo ya Juni niliingia mjini pamoja na mjukuu wangu wa miaka 11 kufuatilia karatasi zangu katika ofisi moja, ambayo jina lake halihusiki na barua hii. Saa tatu asubuhi tulikuwa mlangoni. Saa tatu na robo tukaambiwa kwamba mtandao unasumbua, turudi wiki inayofuata. Kugeuza na kurudi Mbagala saa ile, baada ya kusimama ndani ya daladala zaidi ya saa nzima, kungekuwa kupoteza nauli na siku yote. Nilikuwa nimemwahidi mtoto mkebe wa hesabu, na mikebe ya bei nafuu iko Kariakoo, kwa hiyo nikamwambia tutembee. Akaniuliza, "Kwa miguu, Bibi?" Nikamjibu kwamba njia hiyo niliipita kila wiki nikiwa na umri wake, tena pekupeku. Basi hatukuwa na ratiba, hatukuwa na ramani, na hadi jioni tulikuwa tumekatiza Kisutu, Mnazi Mmoja, Kariakoo, bonde la Msimbazi na Magomeni. Ninachotaka kuwaeleza ni kile ambacho mtu hukiona katika safari ya namna hiyo pale anapolazimika kutafuta pa kukaa kila baada ya robo saa.

Tulianzia Mtaa wa Jamhuri tukaingia Kisutu. Huko yangalipo majengo ya ghorofa moja au mbili yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya uhuru, mengine yakiwa na mwaka wa ujenzi uliochongwa juu kabisa ya ukuta wa mbele, nasi tulisoma miaka hiyo kwa sauti kama watu wanaosoma mawe ya makaburi. Katika majengo hayo duka liko chini, familia inaishi juu, na mara nyingi roshani imesogezwa mbele hadi inamfunika mpita njia. Pembeni yake yamesimama maghorofa mapya ya vioo, ambayo chini yana geti la magari, ukuta, na ngazi fupi za marumaru. Mjukuu wangu ndiye aliyeona kwanza kwamba mbele ya nyumba za zamani kuna kivuli na mbele ya nyumba mpya kuna jua. Nilikaa kwenye mojawapo ya ngazi hizo za marumaru. Mlinzi alikuja kwa adabu zote, akaniamkia, kisha akasema, "Mama, samahani, hapa haturuhusiwi kumwacha mtu akae." Sikumlaumu, kwa sababu ameajiriwa kulinda ngazi, naye alizilinda.

Hatua chache kutoka pale ni Mtaa wa Indira Gandhi, ambako tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 36. Nalitaja mapema ili mtu asidhani kwamba mwalimu mzee analilia vibaraza wakati watu wanakufa chini ya zege. Nitalirudia jambo hilo mbele, kwa sababu mambo haya mawili yana mzizi mmoja.

Mahali pa kwanza tulipokaa bila kufukuzwa na bila kununua kitu palikuwa chini ya mti, Mnazi Mmoja. Nilipokuwa nikisugua goti nilimweleza mtoto historia ya uwanja ule, ambayo ni chungu. Waingereza waliurithi mji kutoka kwa Wajerumani ukiwa tayari umegawanywa kimatabaka, nao wakaukaza mgawanyo huo kwa kanda tatu: Uzunguni ufukweni kwa Wazungu, Uhindini katikati kwa Wahindi, na Uswahilini kwa Waafrika, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Ukanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na mji wa biashara, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kana kwamba ugonjwa unasimama ukiona nyasi. Leo kiwanja kilichoachwa wazi ili tusikaribiane ndicho pekee, katika nusu ya kwanza ya safari yetu, kilichotukaribisha. Wakoloni walituachia uwazi kwa nia mbaya. Sisi, ambao nia yetu naamini ni njema, hatujauongeza.

Tukaingia Kariakoo kwa Mtaa wa Uhuru. Wasomaji wengi wanajua kwamba jina hilo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mitaa ile iliyonyooka ilichorwa ili kubeba aina moja tu ya nyumba, ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, na nyuma kulikuwa na ua wenye jiko na choo. Mbele, chini ya upenu wa bati, lilikuwepo baraza, yaani benchi la udongo au saruji lililoungana na ukuta wa nyumba. Nyumba yetu ilikuwa hivyo, katika Mtaa wa Likoma. Baba alikaa na familia katika vyumba viwili, vingine akapangisha, na barazani walikaa watu ambao wengi wao hawakuwa wapangaji wala ndugu: muuza kahawa na kashata zake, wacheza bao, fundi saa, mgonjwa aliyekuwa akipumzika njiani kurudi kutoka hospitali. Sikumbuki hata siku moja mtu kuomba ruhusa ya kukaa. Alisema "Hodi" tu, tena kwa ajili ya salamu.

Nilimpeleka mtoto kuiona nyumba hiyo, nikijua kwamba haipo. Pamesimama ghorofa, na sakafu yote ya chini imekatwakatwa kuwa fremu za maduka, zimebanana hadi kwenye mpaka wa kiwanja, na bidhaa zimemwagika mpaka barabarani. Hapa ni lazima nikiri jambo, maana barua ya wazi isiyokuwa wazi haina faida. Nyumba ile haikubomolewa na mwekezaji mkatili. Tuliiuza sisi wenyewe, watoto sita wa marehemu, baada ya kushindwa kugawana vyumba sita, na fedha zile ndizo zilizonijengea nyumba ya Mbagala. Sina haki ya kumnyooshea kidole aliyenunua. Kwa bei ya ardhi ya Kariakoo, na kwa vilemba vinavyolipwa ili mtu apate fremu moja tu, kila shubiri ya sakafu ya chini ni fedha, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu atakayeiacha ikaliwe bure na mwalimu mwenye goti bovu. Ndiyo maana siwaandikii wafanyabiashara. Ninawaandikia ninyi.

Tulinunua mkebe, kisha tukasimama kulitazama soko kuu. Nilikuwa mtoto wakati soko lile lilipojengwa, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, kwa usanifu wa Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, ambaye alilifunika kwa miavuli mikubwa ya zege inayokusanya maji ya mvua. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na kazi kubwa imefanyika kulirejesha, jambo ambalo ninalishukuru kwa dhati. Lakini angalieni alichofanya yule mzee: alipoambiwa ajenge mahali pa kuuzia vitu, alianza na kivuli. Sidhani kama yeyote alimlazimisha.

Kisha tukapata tulichokuwa hatukitafuti. Katika mtaa mmoja ambao sitautaja, kwa sababu mwenyewe hakutaka, kati ya maghorofa mawili imebaki nyumba ya bati yenye baraza, na barazani alikuwa amekaa mzee wa miaka themanini hivi pamoja na vijana wawili wabeba mizigo waliokuwa wanakunywa kahawa. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Sogeeni mkae," akasema, na wale vijana wakajibana. Tulikaa pale karibu saa nzima. Mzee alituambia kwamba madalali humjia kila wiki, na kwamba watoto wake wameshachoka kumsubiri akubali. Nilipomuuliza kwa nini anaruhusu watu asiowajua wakae mlangoni pake mchana kutwa, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaruhusu mvua inyeshe. "Baraza hili nimelikuta," alisema. "Nililikuta lina watu."

Waheshimiwa, nimelitafakari jibu hilo tangu siku ile, na nadhani limegusa pale ambapo taratibu zenu zina pengo. Karatasi zenu zinatambua vitu viwili: kiwanja, ambacho ni cha mwenye hati, na barabara, ambayo ni ya umma. Baraza halimo katika hivyo viwili. Limejengwa ndani ya kiwanja, lakini halikuwa la mwenye kiwanja peke yake. Lilitazama barabara, lakini halikuwa barabara. Kwa kuwa halikuandikwa popote, siku nyumba inapobomolewa hakuna anayehesabu kwamba umma umepoteza kitu. Mwombaji wa kibali anaulizwa idadi ya ghorofa na maegesho ya magari. Haulizwi ni watu wangapi walikuwa wakikaa mbele ya nyumba anayoiangusha. Na kwa kuwa fremu zimekula kiwanja chote, yale yaliyokuwa yakifanyika barazani, kupumzika, kuuza kahawa, kusubiri mzigo, yamesukumwa barabarani, kisha tunashangaa kwamba hakuna pa kupita na tunawaondoa wamachinga, kama ilivyofanyika mwaka 2021, ili njia ipatikane. Sitetei kila meza iliyowekwa katikati ya barabara. Ninasema tu kwamba mtu aliyenyang'anywa upenu huonekana mvamizi popote atakaposimama.

Ombi langu kuu ni hili. Tumieni mamlaka mliyopewa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 kuweka sharti katika kila kibali cha jengo jipya linalotazama mtaa wa biashara, kuanzia Kariakoo, Ilala na Magomeni ambako mabadiliko yanakwenda kasi, kwamba sakafu ya chini irudi nyuma ya mpaka wa kiwanja kwa upana wa watu wawili wanaopishana, ifunikwe na ghorofa ya juu yake kama walivyofanya wajenzi wa Kisutu, na iwe na baraza la saruji kwenye ukuta. Najua mwenye jengo atalalamika kwamba anapoteza fremu. Mnaweza kumfidia kwa kumruhusu apate eneo hilo juu, pale ambapo mhandisi asiyelipwa na yeye amethibitisha kwamba msingi unabeba. Hilo la msingi silisemi kwa kujaza karatasi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo wakati wa shughuli za biashara, watu wengi wakafa, na Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Jengo linaloruhusiwa kumeza upenu bila mtu kuuliza, na jengo linaloruhusiwa kubeba au kuchimba kuliko uwezo wake bila mtu kuuliza, yote mawili yamepita katika dirisha lilelile la vibali. Kwa hiyo naomba pia matokeo ya ukaguzi wa kila jengo yabandikwe mlangoni pake, kwa Kiswahili, ili mtu anayeingia kununua mkebe ajue anaingia wapi.

Tulipotoka Kariakoo tulifuata Msimbazi hadi Faya, na hapo goti likakataa, tukapanda mwendokasi. Niseme haki: tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016 safari ya Magomeni imekuwa fupi kuliko nilivyowahi kuota, na ndani ya kituo kuna kivuli. Ila kivuli hicho kiko nyuma ya geti la tiketi. Nje ya geti, pale ambapo mama anamsubiri mwanawe au kijana anasubiri nauli itumwe kwa simu, hakuna hata jiwe. Mabenchi manne nje ya kila kituo hayawezi kuishinda bajeti iliyojenga barabara yote ile.

Juu ya Jangwani mtoto alibandika uso kwenye kioo. Nilimwonyesha mahali zilipokuwa nyumba zilizokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011, na nikamweleza kwamba baadhi ya watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, na kwamba sasa kuna mradi wa bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wenye nia ya kutuliza mafuriko na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Ninaunga mkono mpango huo. Nina swali moja tu kuhusu bustani: itakuwa na kiingilio? Bustani ya jiji yenye kiingilio ni ngazi ya marumaru nyingine, hata kama imepandwa maua. Na kwa kuwa upande mmoja wa bonde uko Jiji na upande wa pili uko Kinondoni, ninaomba mamlaka hizo mbili zikubaliane mapema nani atafagia na nani atarekebisha mabenchi, kabla hayajavunjika na kila upande ukasema ni ya mwenzake.

Magomeni tulishuka Mapipa, tukatembea taratibu hadi Kota. Wengi wenu mnakumbuka kaya 644 zilizoondolewa katika nyumba za zamani na kusubiri miaka mingi hadi maghorofa mapya yalipozinduliwa mwaka 2022. Ni majengo mazuri, na watu waliokuwepo ndio waliorudishwa, jambo ambalo katika miji mingi halitokei. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alituambia kwamba anapenda maji ya bomba ndani na anapenda usalama, lakini majirani aliokuwa akiwaona kila jioni sasa anaonana nao kwenye misiba. Sitaki kulifanya hilo kuwa kosa la jengo, maana hata sisi wa Mbagala wenye kuta na mageti tunaonana misibani. Hata hivyo, mtakapojenga Kota nyingine, na naamini mtajenga, wekeni barazani mwa kila jengo mahali pa kukaa panapotazama njia ya kuingilia, siyo maegesho peke yake.

Magomeni hiyohiyo kuna nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa harakati za uhuru, ambayo imehifadhiwa kama makumbusho, na imestahili. Ila nyumba ya Kiswahili isihitaji kukaliwa na Baba wa Taifa ndipo ipone. Kabla Kariakoo haijabakiwa na hata moja, naomba zilizobaki zipimwe, zipigwe picha na kuchorwa na wanafunzi wa usanifu majengo wa vyuo vyetu, na mbili au tatu zinunuliwe kwa bei ya soko, kwa hiari ya wenyewe, zibaki zikitumika kama ofisi za serikali za mitaa. Itapendeza pia kwa maana nyingine. Ninyi mnakutana katika Baraza la Madiwani, na juu yenu kuna Baraza la Mawaziri. Majina hayo hayakutoka kwenye kamusi za sheria. Yalitoka kwenye lile benchi la saruji, ambapo wazee walisikiliza mashauri wakiwa wamekaa, na mpita njia aliruhusiwa kusikia.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. Tulipokuwa kwa yule mzee, mjukuu wangu alifungua mkebe wake mpya, akatoa rula ya sentimita 30 na kupima baraza bila kuambiwa. Kimo chake kutoka chini ni rula moja na nusu. Upana wa kukalia ni rula mbili kasoro vidole viwili. Urefu alishindwa kuumaliza kwa sababu wale vijana wabeba mizigo walikuwa wamekaa, naye aliona haya kuwaondoa. Vipimo hivyo ninavituma kwenu kama vilivyo, kwa mwandiko wake, kwa matumizi ya yeyote atakayeandika kanuni.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, Mbagala